Nyumba ya mawe, ugonjwa wa miti: kilichoangusha boriti ya shangazi yangu Bagamoyo

Kwenye meza yangu ya kusomea kuna kipande cha boriti, urefu wake kama shubiri mbili. Ncha moja ni ngumu kiasi kwamba msumari wa nchi tatu unapinda ukijaribu kuupigilia. Ncha ya pili naweza kuimega kwa kidole gumba, kama keki iliyolala. Mti ni mmoja, ulikatwa siku moja, ukaingia kwenye nyumba moja. Tofauti ni kwamba ncha ngumu ilikuwa chumbani na ncha laini ilikuwa ndani ya ukuta.

Kipande hiki kimetoka kwenye nyumba ya familia yetu, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Boriti ilianguka usiku, masika ya 2024, hatua mbili kutoka kitanda cha shangazi. Hakuna aliyeumia. Lakini kabla hujaanza kuilaumu mvua, nikiri jambo moja: mimi ndiye niliyesaidia kuiangusha. Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi, kichwa kimejaa zege na nondo. Plasta ya chokaa ya nje ilikuwa inabanduka, nikamwambia shangazi, "Chokaa ni mambo ya zamani, shangazi. Tupige saruji tumalize." Akakubali, maana mtoto wa chuo kasema. Tukapiga saruji ukuta mzima wa nje, na ghorofani tukaongeza sakafu ya saruji ya sentimita tano ili pang'ae. Ilipendeza kweli. Majirani walikuja kuuliza fundi ni nani.

Miaka minane baadaye nimekaa na kipande hiki nikijiuliza nilikosea wapi. Jibu lina fizikia kidogo, kemia kidogo na mikoko mingi.

Mawe kwa macho, miti kwa mzigo

Bagamoyo ilikua haraka karne ya 19, ikiwa mwisho wa njia ya misafara kutoka maziwa makuu: pembe za ndovu, watumwa, wapagazi, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Ukiwahi kumtembelea mgonjwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili, jua kwamba huyo Sewa Haji alikuwa tajiri wa Bagamoyo aliyeandaa misafara ya bara. Hadi 1891 mji huu ndio uliokuwa makao makuu ya Wajerumani, kabla hawajahamia Dar es Salaam. Utajiri huo ndio uliojenga nyumba tunazoziita "nyumba za mawe": kuta za matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi, mlango wa nakshi, baraza mbele.

Sasa ingia ndani, utazame juu. Utaona safu ya miti mviringo imelala kutoka ukuta hadi ukuta, karibu karibu kama meno ya kitana. Hizo ndizo boriti. Juu yake yamepangwa mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe limemwagwa zege la chokaa na kokoto za matumbawe, ambalo zamani lilipondwa kwa miti siku nyingi, watu wakiimba, mpaka likashikana. Juu ya milango na madirisha nako kuna miti imezikwa ukutani, ikifanya kazi ambayo leo tunaipa linta. Yaani mawe yanasimama wima na kubeba, lakini kila kilicholala kinabebwa na mti. Nyumba ya mawe ina mifupa ya miti.

Na mifupa hiyo inabeba sana. Tupige hesabu ya haraka. Chukua zege la chokaa la unene wa sentimita 25. Mita moja ya ujazo ya zege hilo tuseme ina kilo 1,800. Kwa hiyo kila mita moja ya mraba ya sakafu ina karibu kilo 450, kabla hujaweka kitanda, kabati na wageni wa harusi. Ile saruji yangu ya sentimita tano iliongeza kama kilo 110 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha shangazi kina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6. Zidisha mwenyewe: nilimpandishia shangazi tani moja na robo tatu kichwani, ili pang'ae.

Kwa nini vyumba ni vyembamba

Mgeni akiingia nyumba kongwe ya pwani, Bagamoyo, Unguja au Lamu, huuliza mbona vyumba ni virefu halafu vyembamba hivi. Wengine hueleza kwa mila na faragha. Sikatai. Lakini jibu la kwanza liko kwenye mikoko.

Boriti nzuri hutoka kwenye mkoko wenyewe, yule mwenye mizizi kama miguu ya buibui, au kwenye muia. Mkandaa hutoa miti myembamba zaidi. Ni mbao nzito, zilizobana. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na majina kwa kila unene: fito kwa vijiti vyembamba, kisha pau, kisha boriti yenyewe, ambayo kipenyo chake ni kama sentimita 8 hadi 13, kisha nguzo. Majahazi yalibeba miti hii kutoka delta ya Rufiji na Lamu hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu. Hata huko vyumba vya nyumba kongwe vina upana unaofanana na wa kwetu, kwa sababu mti ulikuwa uleule.

Fizikia yake ni hii. Mti uliolala kati ya kuta mbili hupindwa na mzigo, na nguvu ya kuupinda inakua kwa mraba wa urefu. Ukiongeza upana wa chumba mara mbili, nguvu ya kuupinda mti inakuwa mara nne. Kwa upande mwingine, uwezo wa mti kuhimili hiyo nguvu unakua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Kwa hiyo chumba cha mita 5 badala ya mita 2.5 kingehitaji boriti za sentimita 19 badala ya 12, zilizonyooka, mamia kwa mamia. Mikoko ya namna hiyo haipatikani kirahisi. Fundi wa zamani hakuandika hesabu hii popote, ila chumba chake hakizidi mita tatu.

Hesabu hiyohiyo inatisha ukiigeuza. Boriti ya sentimita 12 ikiliwa na wadudu mpaka ibaki sentimita 9 za mti mzima, kwa macho imepoteza robo tu. Lakini robo tatu mara robo tatu mara robo tatu ni 0.42. Imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na kutoka chini unaiona bado ipo, imepakwa rangi nyeupe, haina neno.

Hapo ni katikati ya mti. Kwenye ncha, pale boriti inapoingia ukutani, tatizo ni jingine. Hapo mti haupindwi sana. Unabanwa na unataka kukatika kama muwa kwenye panga, maana nusu nzima ya mzigo wake inashukia kwenye kipande kifupi tu kilichofichwa ndani ya mawe. Ncha ikilainika, hakuna dalili ya kujipinda inayokuonya mapema. Inachomoka tu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Ukuta unaotoa jasho

Kwa nini ncha tu ndiyo ilioza? Kwa sababu kuvu wanaoozesha mti wanahitaji maji. Mbao ikiwa chini ya asilimia 20 ya unyevu, wanalala. Ikipanda karibu na asilimia 30 na kukaa hapo, wanafanya karamu. Katikati ya chumba kuna upepo, boriti inakauka. Ndani ya ukuta, mti una unyevu uleule wa ukuta. Mchwa nao wanapenda palepale, hawataki jua wala upepo.

Na ukuta wa matumbawe unakunywa maji. Una matundu madogo yasiyohesabika, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Mengine hutoka juu. Fikiria paa la mita 100 za mraba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 100,000. Bati moja likitoboka juu ya ukuta, au mfereji wa paa ukijaa majani, sehemu ya maji hayo inakwenda moja kwa moja kichwani mwa ukuta na kushuka kutafuta boriti.

Wazee walijua kwamba ukuta utalowa tu, hawakushindana na hilo. Walichofanya ni kuhakikisha unakauka. Plasta ya chokaa ina matundu ya kutosha kupitisha mvuke. Masika ukuta unakunywa, upepo wa kaskazi ukianza unatoa. Fundi mmoja mzee tuliyemwita baada ya boriti kuanguka aliuweka mkono ukutani, akacheka kidogo. "Mwanangu, ukuta huu unatoa jasho. Nyinyi mmeuvalisha koti la mvua."

Saruji ndiyo koti lenyewe. Ni ngumu, imeshikamana, mvuke unapita kwa shida. Lingekuwa koti zima, lisilotoboka, pengine tungesalimika. Lakini ukuta wa chokaa unatanuka, unasinyaa na kucheza kidogo kila msimu, na saruji ngumu haichezi. Inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa yakisukumwa na upepo wa kusi, halafu hayana pa kutokea. Ufa ni mlango wa kuingilia, na eneo la kukaukia limezibwa. Tulipobandua saruji ile, nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi na umelowa, na ilikuwa mwezi Septemba, kiangazi.

Kuna na chumvi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunavuta chumvi, tunaivaa, na kuta zetu zinaivuta pia. Chumvi ya kawaida ina tabia ya ajabu: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, inafyonza maji mpaka inayeyuka, ukishuka chini ya hapo inaganda tena kuwa fuwele. Hewa ya Bagamoyo huvuka mpaka huo mara kwa mara, alfajiri na mchana. Kwa hiyo ndani ya matundu ya jiwe fuwele zinakua, zinayeyuka, zinakua tena, na kila zikikua zinasukuma. Nyuma ya plasta ya chokaa zinaharibu plasta, ambayo ni laini na unaibadilisha. Nyuma ya saruji zinatafuna jiwe lenyewe. Ndiyo maana saruji ikidondoka kwenye nyumba kongwe, huwa inadondoka na nyama ya ukuta. Na ndiyo maana plasta ile iliyokuwa inabanduka mwaka 2016 haikuwa inashindwa kazi. Ilikuwa inaifanya.

Jiwe linalorudi kuwa jiwe

Basi chokaa ni nini hasa? Matumbawe ni kalsiamu kabonati. Ukiyachoma kwenye tanuri hadi karibu nyuzi joto 900, yanatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki karibu kilo 56. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe, inafura na kutoa moshi wa mvuke (usisogeze uso, macho hayana spea), na unapata ile laini nyeupe inayolazwa shimoni wiki nyingi au miezi. Ukiichanganya na mchanga na kuipaka ukutani, inaanza kuvuta ile hewa ya ukaa kutoka angani na polepole inarudi kuwa kalsiamu kabonati. Yaani umelichoma jiwe, umelilainisha, umelipaka, na limerudi kuwa jiwe tena.

Neno la kuangalia hapo ni polepole. Inaingia milimita chache kwa mwezi. Fundi wa chokaa hupaka tabaka jembamba, analinyunyizia maji lisikauke haraka, anasubiri, anapaka jingine. Saruji inashika ndani ya siku moja. Mafundi vijana wengi hawajawahi kuishika chokaa isipokuwa ya kupaka rangi mtini, na sioni wa kumlaumu, mimi mwenyewe sikufundishwa. Tunaishi barabara moja na kiwanda cha Wazo, ambacho kimekuwa kikitoa saruji tangu 1966, na mfuko unaupata kila duka. Saruji nayo inaanzia kwenye jiwe la chokaa, ila linachomwa pamoja na udongo hadi karibu nyuzi 1,450, na linalotoka lina tabia nyingine kabisa. Kwa nguzo za zege ni kitu kizuri sana. Kwa ukuta wa shangazi ilikuwa dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuna onyo mbili. Mchanga wa ufukweni usiutumie, umejaa chumvi ileile. Na mawe ya kuchoma yatoke machimbo ya nchi kavu, matumbawe ya kale, si yale hai ya baharini ambayo ndiyo nyumba za samaki.

Kuitengeneza

Kishawishi cha kwanza ni kununua boriti mpya na kuiweka. Mzee wetu alikataa. Kuweka mti mpya kwenye ukuta uliolowa ni kumlisha mchwa mara ya pili. Mpangilio wake ulikuwa kwanza paa na mifereji, pili kubandua saruji nje na kuivunja ile sakafu yangu juu, tatu kuuacha ukuta ukauke, miezi, na ndipo mti. Wakati huo wote chumba kilisimamishwa kwa mirunda, na shangazi akahamia chini, akilalamika kwamba anaishi kwenye jengo la zege linalosubiri slabu.

Kupima boriti nyingine hakuhitaji maabara. Unagonga kwa nyundo ndogo, mti mzima unalia, uliooza unajibu kama gunia. Kisha bisibisi nyembamba, unaichoma karibu kabisa na ukuta, ikizama bila ubishi umepata mgonjwa. Kati ya boriti 19 za chumba, tulikuta saba zimeharibika, na zote saba ziko upande wa ukuta wa nje tuliopiga saruji. Ncha za upande wa ndani, zilizobaki na chokaa yake, zilikuwa nzima. Sijawahi kuona jaribio la maabara lenye jibu safi kama hilo, na ningependa nisingelifanya.

Boriti iliyooza ncha tu haitupwi. Unaweza kukata sehemu mbovu na kuunga kipande kipya kwa kulalishana na boliti, au kupitisha mhimili kando ya ukuta, umeegemea mawe yaliyochomoza, ukazipokea ncha zote kabla hazijafika kwenye unyevu. Nne tumeziunga. Tatu zilikuwa zimeliwa mpaka katikati, hizo lazima zibadilishwe, na hapo ndipo penye mgogoro. Mikoko ya Tanzania ni misitu ya hifadhi. Huwezi kwenda mlangoni mwa Ruvu au Mlingotini na panga ukarudi na boriti, unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na sababu ni za msingi: mikoko ndiyo mazalia ya kamba na samaki na ndiyo inayoshika ufukwe usiliwe. Uchungu wangu ni kwamba boriti moja iliyotunzwa kavu inadumu zaidi ya karne, na sisi tumeiozesha kwa miaka minane halafu tunaurudia msitu kuuomba nyingine. Tumechagua mitiki ya shambani. Ni nyepesi kuliko mkoko, kwa hiyo tumechukua nene zaidi, tumezilowesha kwenye maji ya boraksi ambayo mchwa na kuvu hawayapendi, na kila ncha tumeiachia nafasi ya kidole kuzunguka pande zote ndani ya tundu lake ili hewa ipite.

Jambo moja usilikose ukiwa na nyumba ya namna hii: mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda hata milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Ukihitaji kuung'oa kwa matengenezo, anzia Idara ya Mambo ya Kale. Wapo watu wanaopita mtaani wakati wa ukarabati wakiulizia "mbao za zamani" kwa bei inayovutia. Mmoja alikuja kwetu mara mbili. Shangazi alimkaribisha kahawa na kumwambia mlango hauuzwi kwa kuwa ndio anaoufunga usiku.

Boriti mbili kati ya zile tatu zimeshaingia. Ya tatu imelala ukumbini juu ya matofali, kwa sababu tundu lake bado linasoma unyevu asilimia 24 tukilichomeka kijiti cha mti na kukipima. Tunasubiri kaskazi. Ukuta wa nje hauna plasta yoyote kwa sasa, matumbawe yote yako nje, unaweza kuona hata vipande vya kauri ambavyo mjenzi aliziba navyo mianya. Wapita njia wanauliza kwa nini tumeiacha nyumba uchi. Shangazi anawajibu kwamba inaota jua.